CT ipo hapa Songea, kwa nini mama apelekwe mbali kwa MRI?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54, tunaishi Songea. Mgongo ulianza kumuuma mwezi wa pili, katikati ya mabega. Amekuwa akipewa dawa za maumivu, yanatulia halafu yanarudi. Amekonda, na usiku anatoka jasho mpaka anabadilisha kanga. Wiki mbili hizi miguu imekuwa mizito, anajikwaa, anasema ni kama anakanyaga godoro. Eksirei ilionyesha pingili moja "imelika". Daktari ameandika MRI na kusema twende hospitali ya kanda au Dar es Salaam. Hapa hospitali ya mkoa kuna CT mpya, kwa nini isitumike hiyo? Mama hana bima. Kaka anataka tuuze kiwanja tumpeleke hospitali binafsi Dar tukapige picha haraka, kwa sababu serikalini tunasikia mashine ni mbovu kila mara. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza.

Nianze na miguu, maana picha inaweza kungoja siku mbili tatu lakini miguu haingoji. Muulize mama leo hii kama mkojo unatoka vizuri, kama anahisi haja kubwa inapokuja, kama sehemu za siri na makalio yana ganzi. Mlaze chali, mwambie anyanyue mguu mmoja mmoja ukiwa umenyooka. Mkojo ukiwa umekwama au unamtoka bila kujua, au mguu ukishindwa kunyanyuka, mpeleke usiku huohuo, na mpitishe mapokezi ya dharura badala ya foleni ya kliniki. Hata kama hayo yote bado, wiki mbili za miguu kuishiwa nguvu si jambo la kupangiwa tarehe ya mwezi ujao. Ukimkuta daktari, sentensi ya kwanza isiwe "mgongo unamuuma". Iwe "miguu inaendelea kuishiwa nguvu". Mgongo unaouma humfanya daktari aandike dawa. Miguu inayolegea humfanya anyanyuke kitini.

Nasema hivi huku nikijua kwamba wengi wanaoniuliza kuhusu MRI ya mgongo huwa nawakatisha tamaa. Angekuwa kijana wa miaka 30 aliyebeba gunia la mahindi akasikia kitu kimekatika kiunoni, ningemwambia atembee, anywe dawa za maumivu, na angoje wiki sita. Wengi hupona bila picha yoyote. Tena picha ingemchanganya. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya picha za watu wasio na maumivu kabisa, na kati yao wenye miaka 20 tu, 37 kwa mia tayari walikuwa na dalili za kuchakaa kwa diski, ile mito iliyo kati ya pingili. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa 96 kwa mia. Ukimpiga picha kila mwenye mgongo utapata "ugonjwa" kwa kila mtu, na foleni itamfikia mama yako amekwisha kupooza.

Mama yako hayumo kwenye kundi hilo. Kukonda, jasho la usiku, pingili iliyolika, miguu kulegea: kwa mazingira yetu, daktari yeyote atafikiria kwanza kifua kikuu cha mifupa. Si lazima awe anakohoa. La pili ni saratani iliyotoka sehemu nyingine ikatua mfupani, na kwa mwanamke wa umri wake lazima uulize kuhusu titi. Je, kuna aliyempima mama matiti? Ni dakika tano, mikono miwili na pazia, na nimeona safari za kilomita karibu elfu moja zikifanywa bila dakika hizo tano.

Sasa swali lako la CT.

CT ni eksirei inayomzunguka mgonjwa, kisha kompyuta inakata mwili vipande vyembamba kama mkate. Mgonjwa wa kwanza kupigwa alipigwa kichwa, London, tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Hesabu zilizomo ndani yake zilikuwa zimekwisha kuchapishwa miaka ya 1960 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye wazo lilimjia alipokuwa akisimamia kazi za mionzi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979. Nalitaja hili kwa sababu nachoka kusikia kwamba mashine hizi ni mambo ya Ulaya na Marekani tu.

Kwa mfupa, CT haina mpinzani. Eksirei ya kawaida huonyesha pingili imelika pale ambapo asilimia 30 hadi 50 ya madini yake yamekwisha kupotea. CT huona mapema zaidi, huonyesha tundu lilipo, vipande vya mfupa vilivyoingia kwenye mfereji, na usaha uliojikusanya pembeni mwa pingili. Mionzi yake, kwa eneo la mgongo wa juu, ni kama ile ambayo mtu huipokea kutoka ardhini na angani kwa miaka mitatu minne. Kwa mgonjwa kama huyu, hilo lisiwape hofu.

Udhaifu wake uko ndani ya mfereji wa mgongo. Humo hupita ugwe, kamba ya fahamu inayobeba amri kutoka kwenye ubongo hadi miguuni. CT huona ukuta wa nyumba vizuri lakini haimwoni vizuri aliyelala ndani. MRI, kwa kuwa inatumia sumaku na kusikiliza maji yaliyomo mwilini, humwona. Itaonyesha kama ugwe umebanwa, umebanwa na nini (usaha, mfupa au nyama ya uvimbe), na kama wenyewe umeanza kuvimba. Itaonyesha pia kama kuna pingili nyingine iliyoguswa mbali na ile ya kwanza, jambo ambalo kifua kikuu hupenda kulifanya kimyakimya.

Kwa hiyo daktari wenu hakukosea kuandika MRI. Ninachokishangaa ni kuirukia MRI iliyo mbali huku CT ipo mlangoni. Mngefanya hivi: hapohapo Songea apigwe CT ya eneo linalouma, eksirei ya kifua, vipimo vya damu vikiwemo cha VVU na cha figo, na kama ana makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya kifua kikuu. Kama CT itaonyesha jipu pembeni mwa pingili na hapo yupo anayeweza kulichoma sindano kwa kuongozwa na ultrasaundi au CT, sampuli hiyo ndiyo itakayosema ni kifua kikuu au saratani. MRI haisemi hivyo kwa uhakika, hata ya bei ghali kuliko zote. Ujuzi huo wa sindano sasa unafundishwa hapa nchini. Tangu 2018 chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS) na hospitali ya Muhimbili wana mafunzo yake maalumu, na waliohitimu wameanza kutawanyika. Ikithibitika ni kifua kikuu, dawa zake ni bure katika vituo vya serikali, na zinaweza kuanza kabla MRI haijapatikana. Miguu kulegea ndiko kunakomfanya ahitaji pia daktari bingwa wa upasuaji wa mgongo, na huyo ndiye mnayemfuata mbali. MRI mnaifuata kwa ajili yake.

Nikwambie kisa kilichonifundisha kazi. Miaka mingi iliyopita, nikiwa fundi wa picha kabla sijarudi chuoni, katika hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja, aliletwa baba mmoja mvuvi, miguu dhaifu. Fomu ilikuwa na maneno mawili ya Kiingereza cha haraka yaliyomaanisha "maumivu ya mgongo", na chini yake kipimo kinachoombwa. Tukampiga kiunoni, kwa sababu mgongo unaouma kwa wengi ni kiuno. Picha ikatoka safi. Tukaandika safi. Akarudishwa nyumbani na karatasi inayosema hana tatizo. Aliporudi baada ya miezi miwili alikuwa amebebwa kwenye kiti cha plastiki, na safari hii mtu akamgonga goti kwa nyundo ndogo na mguu ukaruka kupita kiasi. Goti likiruka hivyo kwa mtu mwenye miguu dhaifu, tatizo huwa kwenye ugwe wenyewe, na ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Hivyo ugonjwa ulikuwa juu zaidi ya pale tulipopiga. Ulikuwa nyuma ya kifua, sentimita chache juu ya ukingo wa picha yetu. Mashine ilikuwa nzima, umeme ulikuwepo, filamu zilikuwepo. Kilichokosekana ni swali.

Tangu hapo, nikipokea mgonjwa nasoma fomu kabla sijamtazama usoni. Na ndiyo sababu nakuomba, kabla hamjaondoka Songea, mwombe daktari kwa adabu aandike kwenye rufaa mambo haya: miguu imelegea tangu lini na inaendelea, maumivu yako usawa wa mabega, eksirei na CT zimeonyesha nini na pingili ya ngapi, goti linarukaje, na anataka picha ijibu nini. Neno kama "je, ugwe umebanwa?" linambadilisha mgonjwa kutoka namba 40 kwenye foleni kuwa namba moja. Waombe pia wapige uti wa mgongo mzima angalau kwa picha za haraka, wasiishie kipande kimoja.

Ukitaka ushahidi kwamba swali zuri hushinda mashine kubwa, nenda Blantyre, Malawi. Hospitali ya umma ya Queen Elizabeth ilipata MRI mwaka 2008, sumaku ndogo ya Tesla 0.35 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), wakati hospitali nyingi kubwa duniani zilikuwa tayari na 1.5 na hata 3. Walioiendesha walikuwa na swali moja: mtoto mwenye malaria ya ubongo anakufa kwa nini hasa? Wakawapiga picha watoto 168. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu walipolazwa. Madaktari walikuwa wamebishana juu ya jambo hilo kwa miongo, likapata jibu Malawi mwaka 2015, kwa mashine ambayo muuzaji wa leo angeona aibu kuionyesha. Na Mbarara, Uganda, mwaka 2022 waliunganisha papo hapo sumaku ndogo zaidi, kwa ajili ya watoto wenye vichwa vya maji. Haitamsaidia mama yako, lakini nafurahi kuitaja.

Kuhusu "mbovu kila mara". Mnayosikia ni kweli kwa kiasi, na si kwa sababu watu wa serikalini hawajui kubonyeza vitufe. Hadi miaka michache iliyopita CT za umma zilikuwa katika hospitali za taifa na za kanda, basi. Mwezi wa kumi mwaka 2021 ulizinduliwa mpango wa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa UVIKO-19, na sehemu yake ikanunua CT kwa hospitali za rufaa za mikoa. Lilikuwa jambo kubwa. Mtu wa Songea aliyepasuka kichwa kwa bodaboda anaijua thamani yake. Lakini kununua ni siku moja, kutunza ni miaka kumi. Ndani ya CT kuna tyubu inayotoa mionzi, nayo huchakaa kwa kazi kama tairi. Tyubu mpya hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na za mashine kubwa hupita laki. Mkataba wa matengenezo kwa mwaka unaweza kufikia moja ya kumi ya bei ya mashine yenyewe. Ongeza umeme unaopanda na kushuka, kiyoyozi kilichozimwa wikiendi na mlinzi mwenye nia njema ya kubana matumizi, na fundi anayetoka Dar au Nairobi.

MRI ni dhaifu zaidi kwa hilo. Sumaku za mashine nyingi huogelea ndani ya heliamu, gesi iliyopoozwa hadi ikawa kimiminika, kama lita 1,500, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Ubaridi huo hauzimwi usiku wala sikukuu. Mtambo wa kupooza ukisimama, heliamu huanza kuchemka na kupotea, na kuijaza upya ni fedha na miezi. Siku hizi kuna sumaku zilizozibwa zenye lita 7 tu, na mimi ningekuwa na kura kwenye kamati ya manunuzi ningezipigia hizo kwa mikono miwili.

Majirani zetu Kenya walionja ladha hii kwa ukubwa. Mwaka 2015 serikali yao ilikodisha vifaa vya hospitali 98, mbili kila kaunti na nne za ngazi ya taifa, na kufikia 2020 kamati ya Seneti ilikuwa ikiuliza kwa nini vingine vilikaa bila kazi, pengine chumba hakijajengwa, pengine umeme hautoshi, pengine hakuna wa kuviendesha.

Na hata mashine ikiwa nzima, picha haijisomi. Madaktari bingwa wa radiolojia, yaani wasomaji wa picha hizi, ni wachache, wengi wako Dar es Salaam na miji ya kanda, na majibu ya mikoani mara nyingi husomwa kwa mtandao na mtu aliye mbali. Hilo si baya, ninalifanya mwenyewe kila wiki. Ila mtu huyo hawezi kumwona mama yako akijikwaa. Anachokijua ni kile kilichoandikwa kwenye fomu. Naona nimeirudia fomu tena, nisamehe.

Sasa kiwanja. Mwambie kaka angoje kidogo. Kituo binafsi Dar kitampiga mama MRI siku hiyohiyo, kitachukua mamia ya maelfu ya shilingi, na jioni mtakuwa na bahasha kubwa nyeupe na mgonjwa yuleyule kwenye nyumba ya ndugu Mbagala, mkitafuta daktari wa mgongo kwa kuuliza watu. Nimewaona wengi wakifika kwetu hivyo, picha ya wiki tatu mkononi na miguu imekwisha. Kama kuna fedha ya kutumia, itumieni kumfikisha mahali ambapo MRI na daktari wa upasuaji wa mgongo viko chini ya paa moja au jirani, kama ilivyo MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au hospitali ya kanda ambayo daktari wenu amehakikisha kwa simu kwamba vyote viwili vipo. Picha binafsi inafaa pale tu daktari wa upasuaji amekwisha kumpokea mama na mashine ya pale ndiyo iliyoharibika.

Bila bima, mlango wenu ni ofisi ya ustawi wa jamii, na anzieni Songea. Huduma ya bure ya wazee inaanzia miaka 60, hivyo mama haimhusu, lakini msamaha kwa asiye na uwezo upo kwa umri wowote. Chukua barua ya mtendaji wa mtaa, ipelekwe kwa afisa ustawi wa hospitali ya mkoa, naye aandike yake iende pamoja na rufaa. Anayekuja na barua hizo anashughulikiwa; anayekuja kulia kwenye dirisha la malipo saa kumi jioni anaambiwa arudi kesho. Mara nyingi hutapata msamaha wote, utapunguziwa, au utatibiwa kwanza deni libaki. Kwa wagonjwa wa dharura, pesa haitakiwi kutangulia huduma. Ukikwama, dai hilo kwa muuguzi wa zamu, kwa sauti ya kawaida. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini sheria bado si kadi mkononi mwa mama wiki hii, hivyo msikae kuisubiri.

Safari yenyewe. Pingili iliyolika inaweza kubomoka zaidi. Asikae wima kwenye basi kutwa nzima huku gari likirukaruka. Ombeni gari la wagonjwa. Mtaambiwa mchangie mafuta, na hapo ndipo hela ya kaka ina kazi nzuri kuliko kwenye bahasha nyeupe. Kama ni gari la kukodi, alale chali kwenye godoro gumu, na ageuzwe mwili mzima kwa pamoja kama gogo, mabega na nyonga kwa wakati mmoja.

Kabla gari halijawashwa, mtu apige simu idara ya mionzi ya huko mnakokwenda, asipige mapokezi, aulize kama MRI inafanya kazi leo. Kama daktari wenu atapiga mwenyewe na kumtaja mgonjwa, ni bora mara kumi. Bebeni CD au filamu halisi za eksirei na CT. Picha iliyopigwa kwa simu dhidi ya dirisha na kutumwa WhatsApp inanisaidia kujua rangi ya pazia lenu tu. Bebeni pia jibu la kreatini, kile kipimo cha figo, la siku za karibuni, kwa sababu akihitaji dawa ya kung'arisha picha tutaliuliza, na kupima upya kunaweza kula siku nzima.

Ataulizwa kuhusu chuma mwilini: mashine ya moyo, klipu za upasuaji wa kichwa, kipande cha chuma kilichowahi kuingia jichoni. Jibuni kweli. Avue hereni, vibanio, kidani, na hirizi kama imefungwa kwenye bati. Hakuna atakayemuuliza habari zake. Ndani atalala kama nusu saa ndani ya bomba jembamba. Mwambieni mapema kwamba atapewa kengele ya kuminya mkononi na kwamba mtu anamwona muda wote kupitia kioo. Akiuliza kama inauma, mwambie haiumi. Inapiga kelele tu, kama mafundi bati wanne wa mtaa wa Gerezani, Dar, wakishindania mteja mmoja.